Jicho Moja la Mama Juu ya Fromaji

Nina studio ya picha hapa Masisi, chumba kimoja cha mbao chenye pano ya jua ya kuleta umeme juu ya bati, na sitaki mtu aniambie kwamba hiyo ni kazi ya kukaa. Mama yangu aliniambia hivyo, mimi binti yake, miaka mingi. Yeye ni mfugaji na mtengenezaji wa fromaji, ile jibini ya duara ya milima yetu, na kwake kazi ni ile inayokuchafua mpaka kwenye viwiko. "Weye unakaa tu, unafinya-finya," alikuwa akisema. Nilikuwa nanyamaza, lakini si kwamba nilikubali. Nilikuwa nangojea siku yangu.

Siku yangu ililetwa na balaa. Mama hakusoma, kwa hiyo tangu zamani alama yake ilikuwa kidole gumba. Fromaji ikiwa bado laini anaikandamiza katikati, basi, inakauka na kishimo chake. Wateja wote walikijua, hasa mama mmoja mchuuzi wa Mubi, kule chini msituni, aliyenunua karibu fromaji zote za nyumba yetu. Halafu asubuhi moja kijana wa pikipiki anayemshushia mizigo alikuja na ujumbe kwenye telefone, sauti ya yule mama inawaka moto: "Mama, umeniuzia fromaji za kuoza, na kidole chako kiko juu! Sitaki tena. Jina lako ku soko limekufa."

Mama alisikiliza mara mbili. Wiki ile hakuwa amemtumia hata moja. Mtu mwingine alikuwa amebonyeza fromaji zake mbovu na kidole chake mwenyewe, akaziuza kwa jina la Mama. Nikapandwa na hasira, na hasira zangu hazichagui mtu. Nikasema, "Lakini Mama, kidole gumba kila muntu iko nacho!" Alikaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti. Mimi sijawahi kuona mikono ya mama yangu imepumzika mchana, na iliniuma kuliko kama angelia.

Nikamwambia, sawa, tutaweka uso wako. Kila fromaji itavaa karatasi yenye uso wako ndani ya sashe, kile kimfuko cha plastiki, tuone nani atauiga. Akacheka kwa huzuni. Lakini kesho yake alivaa kitenge cha kanisa akaja studio, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa kwenye kiti changu.

Nilimpiga picha kama ninavyowapiga wote, wachimbaji wanaokwenda Rubaya, wanafunzi, maharusi. Kaa wima, usicheke, fungua macho yote mawili, angalia huku. Nikaitoa kwenye mashini, nikaipiga fotokopi, na fotokopi ikaula uso wote. Ikabaki doa jeusi lenye meno. Mama akaishika mbali kidogo. "Umenifanya makala," akasema, yaani mkaa.

Bon. Picha yenye vivuli vingi haifai fotokopi; inataka mistari. Kwenye ordinateri, kompyuta yangu, kuna programu ya kutengeneza picha, na ndani yake kuna kitufe kimoja kinachogeuza uso wa mtu kuwa katuni. Nikakifinya nikijisikia fundi. Kikanitolea msichana wa miaka kumi na sita, macho kama sahani, pua nyembamba, mashavu laini kama yai lililomenywa. Niliipenda picha ile, nakiri. Nikampelekea Mama nyumbani, nimeinua kichwa.

"Huyu binti njo wa nani?" akauliza.

"Iko weye, Mama."

"Mimi? Huyu hajakamua hata mbuzi!" Akanirudishia karatasi. "Nikiweka huyu juu ya fromaji, watasema nimeajiri malaya wa Goma."

Nilikasirika, na nikielekea mlangoni nikapiga teke ndoo, na ndoo ilikuwa na maziwa. Nitaacha hapo. Mama alinisema mpaka jirani akatoka kuangalia. Alipochoka kunigombeza aliniita nimsaidie kufuta sakafu, na tukiwa tumeinama wote wawili akaniuliza kwa sauti ya kawaida, "Ukungu ukifunga mlima, ng'ombe wako unamujua namna gani?"

Nikamwambia, kwa pembe. Kwa bato, lile doa lake la ubavuni. Kwa vile anavyosimama.

"Unahesabu manyoya yake?"

"Hapana, Mama."

"Basi," akasema, akainuka kwenda kwenye rafu ya mbao kuangalia fromaji zake.

Njo pale nilipomwona. Nilikuwa nimemwona hivyo tangu nikiwa mgongoni mwake, na sikuwahi kumtazama. Mama hupima fromaji kwa kuigonga. Anainama, analaza sikio karibu, anagonga kwa kidole kimoja, tok, tok, na jicho la kushoto linajifunga lenyewe, kwa nguvu, mpaka shavu zima linapanda. Kama iko na tundu ndani atasikia. Kila mtu wa mtaa wetu akitaka kumwigiza Mama ndivyo anavyofanya, hata watoto, hata katekista. Na mimi, fundi wa picha, nilikuwa nimemwambia afungue macho yote mawili!

Nikapiga picha kwa telefone bila kumwambia. Niliporudi studio, sikugusa kile kitufe. Niliilaza picha chini, nikafungua juu yake tabaka tupu, kama karatasi nyepesi inayoonyesha kilicho chini, nikaanza kufuata mistari kwa kipanya. Mara mbili batri ilinizimikia nikaanza upya. Kwanza nilichora kila kunjo. Halafu nikakumbuka manyoya ya ng'ombe, nikaanza kufuta. Nilifuta shingo. Nilifuta maua ya kitenge. Nilifuta pua yote, nikaacha tundu moja. Mwishoni ilibaki mistari kumi na moja, niliihesabu: fundo la kitambaa juu ya paji, sikio kubwa, tundu la pua, jicho lililofungwa, shavu lililopanda, kidole kimoja na duara la fromaji. Nikaondoa picha ya chini. Mama akabaki peke yake kwenye weupe, anasikiliza.

Nilipompelekea aliishika karibu na uso. Kisha akagusa lile jicho kwenye karatasi.

"Kumbe ninafungaka jicho?"

"Siku zote, Mama."

"Yesu wangu," akasema. "Iko mimi." Na alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge, na mimi nilikuwa na furaha ya kijinga, ya mtoto aliyesifiwa mbele ya darasa.

Tulishusha Mubi fromaji chache, kila moja na karatasi yake. Ujumbe ulirudi siku ya tatu. Kwanza ulikuwa kicheko tu, kirefu, na nyuma yake watu wa soko wakicheka vilevile. Halafu yule mama mchuuzi akasema, "Dada yangu, unisamehe. Huyu njo weye, hata kipofu anakujua. Tuma zote."

Sasa, siku za mwizi ni arobaini. Wiki chache baadaye aliingia studio mwanaume mmoja, koti safi, viatu visivyo na matope, na hapa kwetu katika mvua hilo peke yake ni swali. Akakunjua karatasi ya Mama juu ya meza. "Dada, nipigie makopi hamsini." Mashini ya fotokopi hapa senta iko moja tu. Angepita wapi?

Nikamuuliza polepole, "Huyu mama njo nani?"

"Njo mama yangu," akasema bila kupepesa.

"Ah! Karibu, kaka! Kumbe tulinyonya ziwa moja. Mbona nyumbani sikuonaki?"

Nikainamisha kichwa, nikagonga meza kwa kidole, tok, tok, na nikafunga jicho la kushoto. Nina uso wa mama yangu, kila mtu anasema hivyo. Yule mwanaume alitazama karatasi, akanitazama mimi, akatoka bila kuaga, na karatasi akaiacha. Wachimbaji wawili waliokuwa wakingojea picha walicheka hata nikashindwa kuwapiga.

Jioni nilimsimulia Mama, nikijua atawaka. Hakuwaka. Alikuwa kwenye rafu yake.

"Alisema iko mutoto wangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi kesho saa kumi na moja asubuhi aje kukamua."

Akainama, akagonga fromaji, akasikiliza.

"Na weye," akasema, jicho bado limefungwa, "usitoke kwa ile mashini. Kaa."