Ruta ya Sebuleni

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, tena najifanya najua vifaa. Tabia hizo mbili zikiingia pamoja dukani, muuzaji anachekelea.

Mwaka huo dada yangu, ambaye ni muuguzi ughaibuni, alitutumia ujumbe kwamba Krismasi hatakuja. Haikuwahi kutokea. Kwetu Mwika, Uchagani, unaweza kukosa harusi ukasamehewa, lakini Krismasi mtu anarudi nyumbani. Na nyumbani kwetu kuna jambo letu: mbuzi akishaiva, baba mkubwa anakata nyama huku akiita watoto wa boma mmoja mmoja. Ukiitwa unajibu "Nipo!" na kupewa kipande chako. Asiyejibu, kipande chake wanagawana waliopo. Mama alikuwa hawezi kuvumilia wazo la binti yake kuitwa, halafu kimya.

"Tafuta mtandao," akaniambia. "Nataka aitikie mwenyewe."

Kazi ikawa yangu, kwa kuwa mimi ndiye kitindamimba niliyebaki na mama kihambani, kwenye shamba letu la ukoo. Boma letu liko bondeni, migomba imelizunguka, na simu hushika mtandao getini tu, tena kwa kuinuliwa juu. Ilihitajika ruta. Tukateremka mjini Moshi, mimi na mama.

Niliiona nilipoingia tu: nyeusi, antena nane zimesimama kama miguu ya buibui aliyelala chali. Moyo wangu ukaishia hapo. Mama, ambaye amefuga ng'ombe wa maziwa tangu sijazaliwa, hakuitazama hata mara mbili. Alimgeukia muuzaji.

"Shikamoo, mama," muuzaji akawahi.

"Marahaba, mwanangu. Hii inakula nini?"

"Umeme na bando, mama."

"Umeme ukikatika?"

"Inazima."

"Na ikifungwa ndani, walio nje wanapata?"

Kabla hajajibu nikadakia, "Mama, hatununui ng'ombe hapa! Angalia antena zilivyo nyingi."

"Pembe hazitoi maziwa," akasema, akaenda kukaa kwenye benchi la nje. Nikainunua.

Asubuhi ya tarehe ishirini na nne niliiweka dirishani sebuleni. Ikawaka taa zote, mtandao ukaja mbio, nikatembea na simu nikijisifu. Nikapita ukumbini, safi. Nikafika jikoni kwa nje, ikaanza kukwama. Nilipofika nyuma ya banda la ng'ombe, mgombani, pale mbuzi anapochomwa, hakuna kitu.

Hapo ndipo nilipoelewa, nikaona aibu peke yangu. Nilikuwa nimechagua ruta ya sebuleni, na mimi ni Mchagga mzima ninayejua kwamba siku ya Krismasi hakuna anayekaa sebuleni. Makochi yanavalishwa vitambaa vyeupe yanaachwa yapumzike. Watu wote wako mgombani na vibuyu vya mbege, pombe yetu ya ndizi. Nikavuta waya mrefu wa umeme niihamishie huko, na kabla sijaufikisha, umeme ukakatika kijiji kizima.

Mama alikuwa anakamua. Aliinua macho mara moja, akaendelea na ng'ombe wake.

Nikateremka tena Moshi. Nilishukuru kwamba muuzaji ni Mwislamu na hakufunga duka. Aliniona na boksi langu, akatabasamu. "Mama yako aliuliza maswali mawili ya maana. Wewe la pili hukuniacha nilijibu." Safari hii aliniuliza yeye: watu watakaa wapi, umeme ukoje, wageni wengi wanatumia laini gani, maana wakijazana kwenye mnara mmoja hata ruta ya dhahabu itakwama. Nikajibu kwa adabu kama niko kwa daktari. Akanibadilishia kidude kidogo cha kijivu, sura hakina, lakini kina betri yake, na antena ya waya ya kupandishwa juu. Akanipa na laini ya mtandao ambao ndugu zangu wengi hawautumii.

Siku ya Krismasi, baada ya ibada, nilifunga antena kwenye mti mrefu wa kuegemezea mgomba, ruta nikaitia kikapuni. Binamu zangu wa Dar wakaanza, "Kaka, tupe paswedi basi!" Mama akawakatiza: "Hakuna kupewa mpaka dada yenu aitikie."

Baba mkubwa akaanza kuita. Mimi nimeshika simu, dada yuko kwenye kioo na sare zake za kazi, picha inaganda, inarudi. Zamu yake ikafika, baba mkubwa akamwita.

Kimya. Mama akainamisha kichwa.

Baba mkubwa alikuwa ameshaanza kukikata kile kipande vipande vipande aliposikia kutoka mkononi mwangu: "Nipo! Baba mkubwa, nipo!"

Watu walipiga kelele mpaka ng'ombe akajibu bandani. Baba mkubwa akavikusanya vile vipande, akaviweka juu ya jani mbele ya simu. Dada alikuwa analia na kucheka. "Mama, nionjee wewe," akasema.

Mama akachukua kimoja, akatafuna polepole huku anamtazama, machozi yanamtoka bila kuyafuta.

"Chumvi haijakolea," akamwambia. "Mwakani uje uitie mwenyewe."