Jumapili ya Tano ya Laurence

Watu wa avenyu ile ya Katindo, mjini Goma, walimjua Laurence Uwizeye kwa vitu viwili: cherehani yake, iliyolia tangu asubuhi hadi jua kuzama, na gari ya bwana yake, iliyolala chini ya bashi, turubai la kufunikia, ubavuni mwa nyumba. Haikuwa gari ya kawaida. Ilikuwa ndogo, ya bluu ya kuiva, tumbo lake karibu liguse ardhi, ina viti viwili tu na paa la turubai ambalo mtu alilikunja kwa mkono, kisha akabaki anapigwa na upepo kama mpanda pikipiki.

Mzungu mmoja mnunuzi wa kahawa ndiye aliyeiacha katika garaji alimofanya kazi mume wa Laurence, Anastase Twagirimana. Moteri ilikuwa imekufa na panya walikuwa wamezaa ndani ya viti. Mzungu alimwambia, "Ukiweza kuifufua, ni yako." Anastase aliifufua kwa miaka mitatu, kipande kwa kipande.

Mashemeji walimcheka. Goma ni mji wa mawe ya volkeno, hata gari za jeep zinalia humo. Mtu mwenye akili zake anafanya nini na gari inayotembea kwa tumbo? "Na batoto bane, utabaweka wapi? Ku kapoti?" Anastase alicheka pamoja nao. Jioni, akitoka kazini, alisukuma toroli ya changarawe na kuziba mashimo kati ya nyumba yake na lami, mita themanini hivi, mpaka majirani wakaanza kumshukuru. Jumapili, baada ya misa, alimchukua mtoto mmoja akampeleka mpaka ziwani. Kila mtoto na Jumapili yake. Mwezi ukiwa na Jumapili ya tano, hiyo ilikuwa ya Laurence.

Jumapili za tano hazizidi nne au tano kwa mwaka. Laurence alizijua kwenye kalenda tangu Januari. Alifunga kitambaa kichwani, akajifanya kuona haya watu walipopiga miluzi kando ya barabara, na moyoni alifurahi kama bibi arusi. Ndani ya gari ile Anastase alimwambia mambo ambayo nyumbani hakuyasema: kwamba aliogopa kuzeeka bila nyumba ya matofali, kwamba wakati mwingine alimwota baba yake, kwamba yeye Laurence alikuwa bado mzuri.

Kisha mama yake Anastase, Nyirabarame, ambaye wote walimwita mukecuru, yaani bibi kizee, akaugua huko kwao Kalengera, upande wa Rutshuru. Barabara ile haikuwa ya gari ndogo. Anastase alipanda lori ya mkaa iliyokuwa inarudi tupu. Kabla ya kutoka alimwambia mke wake, "Kila Jumamosi uwashe moteri, dakika kumi na tano. Gari ikilala sana inakufa." Alikula viazi viwili amesimama, akaenda.

Lori ilifika bila yeye. Dereva alisema walikuta risasi njiani, watu wakaruka kila mtu na upande wake, na hakumwona Anastase tena. Laurence alimtafuta hospitalini, akamtafuta gerezani, akaandikisha jina lake katika parokia tatu. Hakuna aliyesema amekufa. Hakuna aliyesema yuko hai.

Basi akashika lile neno la Jumamosi. Hakujua kuendesha. Alijifunza kitu kimoja tu: mita mbili mbele, mita mbili nyuma, ili matairi yasiharibike upande mmoja. Alifuta viti kwa kitambaa chenye mafuta, akakausha turubai kila baada ya mvua, akapangusa majivu mlima wa moto ulipoyatema. Aliyeuliza habari za bwana alijibiwa, "Ako safari." Padri alipomshauri aombe misa ya marehemu, alimwambia, "Misa ya nani, mon père?"

Miaka miwili ikapita hivyo. Katika muda huo vita vilimfukuza mukecuru Nyirabarame kutoka Kalengera mpaka kambini Kanyaruchinya, na kambi ilipoondolewa, Laurence alimleta nyumbani. Mukecuru alilala chumba kimoja na wajukuu. Halafu habari zikaja kwamba watu wa Kalengera wameanza kurudi. Asubuhi moja, wanawake hao wawili wakichambua maharage mlangoni, mukecuru akaita:

"Laurence."

"Karame, Mukecuru," akaitika.

"Nataka kurudia kwetu. Nyumba ilibaki kuta tu, mi najua. Lakini si nyumba ndiyo inanikosesha usingizi. Nataka tumulilie mutoto wangu nikingali na macho ya kulia. Uuzishe ile gari."

Mikono ya Laurence ikasimama ndani ya maharage. "Mukecuru, ni mama gani anasema mutoto wake amekufa, na hakuna mutu aliona maiti?"

"Ni mama mwenye alimuzaa. Miaka mbili ninamungojea ku mulango sawa na wewe. Mutu akikosa kaburi, akose na machozi?"

Laurence alisimama, akamwaga maharage yote, akaingia ndani. Siku tisa hakuzungumza na mama mkwe wake ila kwa sahani ya chakula. Aliiweka mbele yake, akaenda.

Siku ya kumi alikuwa anapima mshono wa mteja, pazia tu likiwatenga na chumba cha watoto. Akasikia kitinda mimba wake, Bénita, akimuuliza bibi yake, ambaye watoto walimwita Kaka, "Kaka, papa alikuwa na sauti ya namna gani?"

Mukecuru alimvuta karibu. "Nzito kidogo," akasema. "Akikuita, alivuta jina lako ku mwisho."

"Mi nimesahau," mtoto akasema, pasipo huzuni, kama anayesema amesahau daftari shuleni.

Laurence akachoma kidole chake kwa pini. Jioni ile alimtuma mtu amwite Aubin, fundi aliyefanya kazi na Anastase, amtafutie mnunuzi.

Wa kwanza alikuwa kijana tajiri wa mdomo, akazunguka gari, akapiga tairi teke, akasema anataka moteri peke yake, aiweke kwenye mtumbwi wake wa ziwani. "Hii ingine utauzia batu ba vyuma." Laurence aliivuta bashi, akafunika gari mbele ya uso wake.

Wa pili alikuwa muzee Balagizi Mulumeoderhwa, mfanyabiashara wa mbao aliyetoka upande wa Bukavu, mtu mpole mwenye mvi, pamoja na mke wake Nsimire. Walikuwa wameozesha mtoto wa mwisho. Balagizi alisema maisha yake yote aliendesha magari ya mizigo. Sasa alitaka gari ambayo haiwezi kubeba hata gunia moja. Nsimire akacheka, akampiga mgongoni. Laurence alifungua kapoti, kifuniko cha moteri. Balagizi akainama, akatazama waya zilizofungwa vizuri, chuma kilichofutwa kiking'aa, akatikisa kichwa.

"Mama, gari imetunzwa hivi sijaona mu Goma. Mwenyewe ako wapi, nimupe mukono?"

"Ako safari," Laurence akajibu. Mdomo ulikuwa umeshazoea.

Balagizi akashusha kapoti polepole. "Basi tumungoje. Mi sinunuake gari ya mutu akiwa safari. Akirudi, atakuja kuniuliza, na mi nitakosa jibu."

Akamuaga, akamshika mkewe mkono, wakaanza kuondoka. Mukecuru Nyirabarame alikuwa amekaa kwenye kibao. Alimtazama tu mkwe wake.

"Muzee," Laurence akaita. Hawakusikia. Akaita tena. "Muzee Balagizi. Hatarudi. Alikufa."

Neno hilo alikuwa hajawahi kulisema. Lilipotoka, akashika mlango wa gari asianguke. Nsimire ndiye aliyerudi mbio. Alimkumbatia pale pale, wakasimama hivyo, na Laurence akalia kwa mara ya kwanza bila kujificha, mpaka mteja wake mmoja aliyekuja kuchukua gauni akageuka akarudi nyumbani.

Bei waliipatana bila kelele. Lakini karani wa kartie, yaani wa mtaa, alitaka hati ya familia ya kuthibitisha kifo, kwa kuwa gari ilikuwa kwa jina la Anastase. Wakaenda wote: wanawake wawili, Aubin kama shahidi, na Balagizi. Karani aliandika jina, akaandika mahali, kisha akanyanyua kalamu.

"Alikufa tarehe gani?"

"Andika siku alitoka ku nyumba," mukecuru akasema.

"Hapana!" Laurence akaruka. "Ile siku alikuwa muzima. Alikula kwangu. Musimuue akiwa kwangu."

Karani akaweka kalamu chini akangoja. Mwishowe mukecuru akasema kwa sauti ndogo, "Basi kesho yake. Aandike kesho yake. Alale usiku moja njiani."

Laurence akakubali kwa kichwa. Karani akaandika. Mukecuru akatia kidole gumba kwenye wino kwanza, kisha Laurence akasaini, na chini ya jina lake karani akaongeza neno moja: mujane.

Siku ya kuikabidhi gari, Laurence alimpa Balagizi maneno yote: gia ya pili haipendi kulazimishwa, paa lisikunjwe likiwa na maji, mlango wa kuume unyanyuliwe kidogo ndipo uvutwe. Balagizi alisikiliza kama mwanafunzi. Nsimire akashuka kwenye kiti chake. "Dada, panda. Akupeleke tu mpaka ku lami. Mi nitatembea."

Laurence aliangalia kile kiti. "Aksanti, mama," akasema. "Ukae. Mi nitaonyesha njia."

Akatangulia mbele ya gari, akitembea kinyumenyume, akimwonyesha Balagizi kwa mikono pa kupitisha magurudumu: huku, rudi kidogo, nyoosha, polepole. Mvua ilikuwa imefukua mashimo mengine. Walipofika kwenye lami, alisogea kando. Balagizi akapiga honi moja fupi, ya heshima, nao wakaenda upande wa ziwa, kitambaa cha Nsimire kikipepea.

Mwezi haujaisha, Laurence, mukecuru na watoto walisafiri Kalengera na mabati ya kuezeka ile nyumba, juu ya gari ya mizigo. Aubin alikuja kusaidia kuyapiga misumari. Kisha wakafanya kilio, siku tatu, bila sanduku na bila kaburi. Padri alisoma jina la Anastase Twagirimana na ile tarehe ya karani. Laurence alikaa kwenye mkeka na wajane wa kijiji, kitambaa cheusi kichwani, na wao wakampokea pasipo maelezo, kwa maana kila mmoja alikuwa na yake.

Siku ya pili alikuja mwanamke asiyejulikana na mtu, ametembea tangu alfajiri, miguu imejaa tope. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Nimesikia munalia mutu mwenye alipotelea ku barabara," akasema. "Mi ni mutoto wangu, Nishimwe. Alienda soko. Kwetu banasema nisilie, atarudi." Akafuta uso kwa kitenge. "Naomba nilie hapa."

Laurence akasogea kwenye mkeka, akavuta nguo yake, akamfanyia mgeni nafasi. Mwanamke akavua viatu, akakaa. Wakamwuliza mtoto wake alikuwa na miaka mingapi. Akasema kumi na saba, na wanawake wakaanza upya kulia.