Msuluhishi wa Kwenye Simu

Mkataba wa mashine ya masikio nilimsomea baba mimi mwenyewe, dukani Same mjini, kwa kupiga kelele mpaka wapita njia wakageuka. Nilipofika kwenye kipengele kinachosema mgogoro wowote hautapelekwa mahakamani, bali utamalizwa na msuluhishi atakayeteuliwa na kampuni, na uamuzi wake ndio wa mwisho, baba akajipiga paja.

"Hao ni watu wazima!" akasema. "Nipe kalamu."

Mumwelewe. Huko kwetu Mhezi, baba ndiye aliyekuwa akisuluhisha ugomvi wa ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Ukiibiwa zamu yako ya maji huendi polisi. Mnakaa wote wawili mbele yake, aliyeonewa anasema mpaka amalize, mwenzake naye anasema mpaka amalize, ndipo yeye anafungua mdomo. Basi alipotajiwa usuluhishi, aliona benchi lake lile lile. Na masikio yalikuwa yameanza kumtoa kwenye benchi hilo. Vikaoni alikaa kimya, watu wakaanza kumzunguka. Mashine ndiyo ilikuwa imrudishe.

Ilimrudisha wiki tatu. Asubuhi ya kwanza alimwambia mama, "Kumbe bado unaimba!" Mama akajifunika uso kwa khanga. Kisha mashine ikaanza kupiga mluzi, ikafa. Kampuni ikasema imeingia maji. Baba akaapa haijagusa hata umande. Nikasema naenda mahakamani. Wakaniambia nikasome mkataba wangu vizuri.

"Waje tu, tukae," baba alisema. Akamwambia mama apike makande ya kutosha, maana msuluhishi hashindi njaa nyumbani kwa watu. Mimi nilijua hawaji, ni simu tu itakayopigwa. Sikumwambia, na hilo linaniuma mpaka leo.

Msuluhishi alipiga simu kutoka Dar es Salaam saa nne asubuhi. Baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Nikaongeza sauti hadi mwisho, naye akainama juu ya simu, mikono magotini. Msuluhishi akauliza kama mlalamikaji amewahi kuoga na kifaa.

"Marahaba, mwanangu," baba akajibu. "Hamjambo huko?"

Nikamsogelea sikioni, nikalirudia swali kwa nguvu zangu zote.

"Dada, tafadhali," sauti ikasema, "usimlishe mlalamikaji maneno. Aliyesaini ajibu mwenyewe."

"Hasikii! Kesi yenyewe si ndiyo hiyo?"

"Dada, nitakata simu."

Loh! Mimi ni mtu wa hasira, wanaonijua wanajua, lakini siku ile nilitii. Likaja swali la pili, la tatu. Baba aliitazama midomo yangu, nami nimeifumba kwa amri ya mtu nisiyemjua. Mwishowe akaanza kueleza mwenyewe, taratibu, tangu mwanzo, kama anavyoeleza mtu aliyeonewa. Alieleza vizuri sana. Aliendelea kueleza simu ikiwa imeshakatwa, nami sikuwa na moyo wa kumkatiza.

Barua ikaja: malalamiko yametupwa, mlalamikaji alishindwa kujibu maswali.

"Kesi ya ngedere, hakimu nyani," mama akasema, akaenda zake shambani.

Kiangazi kilichofuata majirani wawili walipanda hadi kwetu, wanagombea zamu ya maji. Baba akawakalisha. Wa kwanza akasema akamaliza, wa pili akasema akamaliza, naye akiwakazia macho midomoni. Kisha akainamisha uso. Aliponyanyua uso alinigeukia mimi, si wao.

"Waambie watafute mwingine," akasema. "Siwezi kumhukumu mtu ambaye sikumsikia."

Wakainama. Wakaaga kwa kumpungia mkono, kama anavyoagwa mtoto, wakashuka. Hawajarudi tena, wala baba hajawahi kuniuliza siku hizi maji ya ndiva anayagawa nani.