Libaya Mpya Siku ya Chanjo

Chanjo ya mpox ilipotufikia sisi wasusi wa mtaa wa Kamalondo, maana kutwa tunashika vichwa vya watu, niliwaeleza wenzangu kwa upole: vaeni nguo za mikono mipana, msiogope. Wakakubali, mradi nitangulie.

Asubuhi, kwa kutaka kupendeza, nikavaa libaya mpya, blauzi ya kitenge ya kubana. Mbele ya muuguzi nikavuta mkono wa libaya juu, nikavuta tena. Haukupanda.

“Mama Béa iko anaogopa,” akasema Yaya Ngalula, mkubwa wetu kwa umri.

“Siogopi, yaya. Libaya inanibana.”

Wakacheka, kisha wakaanza kushika mikoba waondoke. Nikafungua vifungo vyote. Foleni nzima ikarudi, pamoja na waendesha pikipiki waliokuwa barabarani, kunitazama nikichomwa sindano nimebaki na fulana ya mume wangu niliyoivaa ndani, iliyotoboka tumboni.