Papai Mlangoni kwa Mudathir

Dada yangu Wahiba binti Matar hakuwa mtu wa kusamehe, na mimi mdogo wake sitamsingizia wema ambao hakuwa nao. Watu wa Boko wakimtaja siku hizi husifia migomba yake na mchicha wake unaonona hata kiangazi. Mimi namtaja kwa jambo moja tu, lile alilomfanyia shemeji yake Mudathir. Nikilisimulia, roho yangu hutulia.

Shamba lilikuwa lake kwa haki. Mumewe, marehemu Jabiri, alimpa akiwa hai na akili zake timamu, mbele ya imamu na mashahidi: kipande cha mteremko, juu kichanga, chini yake mfinyanzi. Chini ya mteremko huo alikaa Mudathir, mdogo wake Jabiri, katika nyumba aliyoijenga kwa tofali za saruji na kuiwekea sakafu nyekundu ya kung'arishwa. Jabiri alifariki miaka ile biashara zilipofunguliwa, kila mwenye vijisenti mjini anatafuta kiwanja cha kujenga. Mudathir akaanza kumega upande wake na kuuza. Alipoona unaelekea kwisha, akaanza kutazama juu, kwa mjane wa kaka yake. Kisheria hakuwa na pa kushika. Ilibidi Wahiba achoke mwenyewe na kuondoka.

Dada hakuwa na mpango wa kuchoka. Kila asubuhi alipeleka mchicha, bamia na nyanya chungu Kunduchi, akiwauzia wanawake wa pwani na wapishi wa mahoteli. Mbolea ya viwandani ilikuwa imepanda bei tangu serikali iondoe ruzuku, na yeye hakuipenda tangu zamani. Alisema inaichosha ardhi. Ndiyo maana alipokuja bwana shamba mmoja kutoka Songea, Apolinari, aliyesomea kilimo Ujerumani, Wahiba alikuwa wa kwanza kukaa mbele kumsikiliza.

Kilimo cha Apolinari kiliitwa bayodainamiki. Sisi tulikiita kilimo cha pembe. Alifundisha kwamba shamba ni mwili mmoja, na mwili huo ujilishe wenyewe: ng'ombe, samadi, mazao na majani, bila kununua dawa wala mbolea dukani. Kupanda kulifuata mwezi na nyota. Kulikuwa na siku za mizizi, za majani, za maua na za matunda, na mchicha hupandwa siku ya majani. Hilo halikutushangaza. Babu yetu hakuoza binti wala kusafiri bila kutazama falaki, na hata mzee wa msikitini alisema huyu Mngoni ana adabu ya zamani.

Kilicholeta balaa ni pembe. Unachukua pembe ya ng'ombe jike aliyewahi kuzaa, unaijaza samadi mbichi, unaifukia masika yakiisha na kuifukua kabla ya vuli. Wakati huo samadi imegeuka udongo mweusi unaonukia kama msituni. Unachukua kiasi cha kiganja, unakoroga kwenye ndoo ya maji mpaka yazunguke na kufanya shimo katikati, kisha unageuza upande, hivyo hivyo karibu saa nzima. Halafu unanyunyizia shamba kwa ufagio, jua likipungua. Wahiba alizipata pembe zake machinjioni, akazijaza, akazifukia pembeni mwa matuta. Hakujificha, maana hakujua kuna cha kuficha. Mudathir alisimama kwake chini akitazama, na hakuuliza kitu.

Ijumaa moja, dada akiwa Kunduchi, Mudathir alipanda na jembe akazifukua zote. Akazipanga kwenye ungo na kuzifunika kitambaa chekundu. Kitambaa hicho kilikuwa chake, dada hajawahi kuwa nacho. Watu walipotoka swalani wakamkuta kwenye ngazi za msikiti na ungo wake.

"Hizi nimezikuta shambani kwa mjane wa kaka yangu," alisema. "Nyie ni watu wazima. Sasa tujue Jabiri alikufa na nini."

Akafunua kitambaa. 

Kesho yake wanawake wa Kunduchi walimrudishia mchicha wake bila kumtazama usoni. Wapishi wa mahoteli walisema wamepata mtu mwingine. Alipopita njiani kina mama waliwaita watoto ndani. Apolinari, masikini, alikuja kuwaeleza watu kwamba pembe ni mbolea tu, na alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kuharibu. Alipofika kwenye nguvu za nyota zinazoshuka ardhini kupitia pembe, watu walianza kusema astaghfirullahi na kuinuka mkekani kuvaa viatu vyao. Hakurudi tena Boko.

Nilikwenda kumchukua dada aje kwangu Tabata. Nilimkuta uani anaziosha zile pembe kwa maji na majivu. Alikuwa amezifuata mwenyewe pale msikitini zilipotupwa, mchana kweupe, wanaume wazima wakimkwepa.

"Funga mizigo twende," nilimwambia.

"Nikiondoka nimekubali kwamba nimemuua mume wangu," akasema. "Sitoki, Widad. Na yule nitamlipa. Sijui kwa kitu gani wala lini, ila nitamlipa."

Akazitia pembe kwenye kikapu na kukitundika jikoni, mahali ambapo angekiona kila akipika. Na kweli kila nilipomtembelea nilimwona akikitazama. Nilimchukia Mudathir kwa ajili ya ungo ule, lakini zaidi nilimchukia kwa ajili ya kikapu kile.

Mboga zake nikawa naziuza mimi Tabata, ambako hakuna aliyemjua. Huko ndiko nilikokutana na Yustina, mwalimu aliyekuwa Zimbabwe kwa mafunzo ya kilimo kingine, pamakacha. Alinunua fungu la mchicha, akaligeuza mizizi juu, akauliza nani amelima. Nikampeleka Boko.

Huyu alikuja mvua ikinyesha, na hakushika jembe. Alitembea shamba zima na mwavuli wake akitazama maji yanapita wapi, upepo unapiga wapi, na dada mwenyewe anapita wapi kila siku akienda jikoni, bafuni na kisimani. Akasema mboga za mchuzi zikae mlangoni, kwa sababu mlangoni unapita kila saa. Maji ya kuoga yaende kwenye shimo la migomba. Mnazi juu, mpapai chini yake, mihogo chini ya mpapai, kunde zikitambaa chini kabisa, kila kimoja kikimpa mwenzake kivuli au chakula. Majani makavu, makapi, pumba, hata taka za jirani, vyote vitandazwe juu ya udongo. Mwezi hakuutaja kabisa.

Dada alibishana naye sana, na mimi nilipenda kuwasikiliza. Yustina alisema zile pembe kama zina faida basi ni ya samadi, na samadi haihitaji pembe. Wahiba alisema yeye aliushika ule udongo mweusi kwa mkono wake na hakuna samadi ya kawaida inayokuwa vile. Yustina alisema Apolinari anamtaka mtu awe na ng'ombe na kalenda, wakati wengi hawana hata kuku. Wahiba akajibu kwamba Yustina naye anataka mtu awe na mapanga, majembe na mgongo wa mwanamume.

"Mwalimu Apolinari aliniuliza nitapanda lini," alimwambia. "Wewe unaniuliza nipande wapi. Sioni kwa nini nisiwajibu wote wawili."

Walichopatana moja kwa moja ni makingamaji. Yustina alifunga miti mitatu kwa umbo la herufi A, akaning'iniza jiwe katikati kwa kamba, akamwonyesha namna ya kutafuta usawa wa ardhi kwenye mteremko. Kwenye usawa huo unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa chini, na mvua badala ya kukimbia inasimama na kuzama. Siku ya mwisho akatoa onyo.

"Kila mtaro uachie mdomo pembeni, mvua ikizidi maji yaende korongoni. Na huku chini kabisa usichimbe. Maji yatapita kwenye kichanga, yakifika kwenye mfinyanzi yatatembea chini kwa chini."

"Yatatokea wapi?" dada aliuliza.

Yustina akanyoosha kidole kwenye ile nyumba ya saruji. Wahiba akatabasamu, na mimi nilikuwa sijaliona tabasamu lake tangu siku ya ungo.

Yustina alipokwishaondoka, dada alichimba mtaro wa chini kabisa, mrefu kuliko yote, kutoka mpaka hadi mpaka. Hakuuachia mdomo. Mingine yote akaielekeza humo. Alichimba msimu mzima, mwenyewe, nami nikimsaidia siku zangu za mapumziko. Mudathir alikuwa akitoka barazani kwake kutufanyia mzaha.

"Shemeji, unajichimbia kaburi?"

"Nachimba taratibu, shemeji," dada alimjibu. "Mwenyewe bado hajajulikana."

Mwaka wa kwanza haukuwa na kitu, na wa pili vile vile. Migomba ilistawi, Mudathir akaendelea kulala pakavu, mimi nikaanza kukata tamaa. Kisha zikaja mvua za El Nino. Kila anayeishi Dar anazikumbuka. Barabara zilikatika, watu walilia, na sisi wawili tulisimama dirishani Boko tukiutazama mtaro wa chini ukijaa, ukinywa, ukijaa tena. Nitasema ukweli, tulifurahi.

Kwa Mudathir maji hayakuingia kwa mlango. Yalipanda kutoka chini. Sakafu nyekundu ilianza kutoka jasho, kisha ikapasuka. Choo kilijaa mpaka juu. Ukuta wa nyuma ukapata ufa unaopitisha mkono. Akamleta mjumbe, mzee Nassibu, kuja kumshitaki dada. Mjumbe alizunguka shamba lote na mwavuli, hakuona tone linalovuka mpaka.

"Maji yote yamesimama kwa mwenyewe," alisema. "Wewe unataka niikataze mvua?"

Basi Mudathir akaja peke yake. Alisimama nje ya uzio, suruali kaikunja magotini, akabisha hodi kama mtu na adabu zake. Dada hakumkaribisha ndani.

"Fundi anasema maji yanatoka kwako," alisema. "Fungua ule mtaro pembeni, shemeji. Nyumba inanidondokea."

Wahiba aliingia jikoni, akatoka na kikapu.

"Nitaufungua Ijumaa," akasema. "Baada ya swala. Utawaita wale wale uliowaita siku ile. Utazijaza hizi samadi kwa mkono wako, uzifukie kwako, mbele ya mlango. Ukimaliza tu, nami nachukua jembe."

"Unataka kunidhalilisha, Wahiba."

"Mie uliniita muuaji wa mume wangu. Hili la leo ni dogo."

Ukuta wa Mudathir ulikuwa ukionekana kutoka tuliposimama, na nadhani aliutazama. Mwishowe akapokea kikapu.

Ijumaa ile mvua ilipumzika. Watu walijaa mpaka njiani. Wengine walitoka Kunduchi baada ya kusikia. Mudathir alichuchumaa na kanzu yake, akachota samadi mbichi na kuishindilia kwenye pembe, moja baada ya nyingine, mpaka viwiko vikageuka kijani. Alipoanza kuzifukia mtu mmoja akauliza, kwa upole tu, hizo ni nini.

"Mbolea," alisema Mudathir. "Ni mbolea tu jamani. Kilimo cha kisasa. Hazina jambo."

Nilizitazama nyuso na nikaona zilikuwa zile zile alizozikuta dada yangu baada ya siku ya ungo. Mudathir alikuwa amewafundisha mwenyewe pembe maana yake nini, na walikuwa wamemsikiliza vizuri. Alirudia kwamba ni mbolea, kwa sauti kubwa zaidi, na wa nyuma wakaanza kusema astaghfirullahi na kugeuza njia. Mama mmoja karibu nami alimnong'oneza mwenziwe, "Kumbe zilikuwa zake." Dada akasikia. Akachukua jembe, akapanda shambani kwake, akaukata mtaro pembeni kama alivyoahidi, maji yakaenda korongoni.

Wiki zilizofuata wanawake wa Kunduchi walikuja wenyewe kwa dada kuulizia mchicha, wengine hata wakimwomba radhi. Aliwauzia. Radhi hakuwapa, alisema atafikiria. Kwa Mudathir walikuja wanunuzi wa viwanja, wakauliza majirani wawili watatu, wakageuza magari. Aliwaeleza wote kwamba ni mbolea. Kuzifukua mwenyewe aliogopa, maana nani atamwona na asimseme tena? Na vibarua hakupata.

Palepale mlangoni pake uliota mpapai. Hakuupanda mtu, labda mbegu ililetwa na ndege. Chini yake kulikuwa na pembe za Apolinari na maji yote ambayo Yustina alituonyesha namna ya kuyazamisha, na mpapai ule ulikua mnene, ukazaa mpaka shina likainama. Mapapai yaliiva, yakaanguka, yakaoza. Hata watoto watundu hawakuyagusa. Mudathir na mkewe ndio kabisa.

Mwalimu Yustina alipokuja kututembelea alimuuliza dada, kati ya kilimo chake na cha Apolinari, sasa anasemaje. Wahiba alichukua kisu, akateremka mteremko, nasi tukamfuata. Mudathir alikuwa amekaa barazani. Dada alimsalimia vizuri, akachuma papai lililoiva kuliko yote, akaketi kwenye ngazi yake na kulipasua. Kipande kimoja akampa Yustina, kimoja akanipa mimi. Cha tatu akamnyooshea Mudathir.

"Kula, shemeji," alisema. "Si ulisema ni mbolea tu?"

Mudathir alikitazama kile kipande, akainuka, akaingia ndani na kufunga mlango. Dada yangu akakila kile, na cha kwake pia.