Mwaka wa Kuwapiga Korongo

Walimwita Mama Sahani, na si kwa sababu ya upishi. Kila siku saa moja asubuhi aliingia kwenye mtumbwi wa bati wa idara ya maji, akapiga kasia hadi katikati ya bwawa, kisha akateremsha kwa kamba sahani nyeupe ya chuma. Aliikodolea macho mpaka ipotee, halafu akasoma kwenye kamba imefika kina gani. Maji yakiwa safi, sahani ilionekana hadi mita tatu. Baada ya hapo alipima joto la maji, akasoma alama za kina kwenye ukuta wa zege, na kabla ya kurudi alihesabu ndege walioko ufukweni. Yote yaliingia daftarini. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na tisa, na kwa miaka yote hiyo hakutokea mtu wa kumwambia, hebu nisomee.

Mumewe alikuwa fundi wa pampu palepale bwawani. Waliishi kwenye nyumba ya wafanyakazi pamoja na baba mkwe, mzee mcheshi aliyekuwa akisema mkwewe ndiye mwanamke pekee duniani anayepeleka sahani majini na kuirudisha bila kuiosha. Dada wa mumewe, muuguzi wa zahanati ya mji, alikuja kila Jumapili kula na kulalamika.

Jumapili moja wakiwa wanachambua maharage barazani, wifi mtu alisema, "Mwezi huu nimechoka, wifi. Watu wanatapika, tumbo linawakata, wengine macho yamekuwa ya njano. Na kila mwaka ni majira haya haya."

"Majira gani hasa?"

"Haya ya joto. Tarehe ziko kwenye rejista, mimi si kalenda."

Mama Sahani alifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na madaftari yake. Keshoye wifi alileta tarehe za zahanati. Waliketi mezani, mmoja akisoma na mwingine akiweka alama kwa kalamu nyekundu. Miaka sita walipitia. Katika mitano, korongo walipozidi mia bwawani, siku kumi baadaye zahanati ilifurika wagonjwa.

"Mungu wangu," wifi alisema kwa sauti ndogo. "Ndege hao."

Mama Sahani aliwajua korongo wale kama mtu anavyowajua majirani, na sasa waligeuka kuwa kitu kingine.

Alipeleka karatasi kwa meneja wa bwawa, mtu mpole aliyependa mambo yaishe haraka. Meneja aliisoma mara mbili, akampa kiti, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Wiki haikuisha, mkutano ukaitwa. Karatasi ya Mama Sahani ilisomwa mbele ya watu, na jina lake likatajwa kwa heshima. Ikaamuliwa korongo wapigwe, na miti wanayolala kule mtaa wa mlimani ikatwe. Mtu mmoja alimgeukia: "Mama, una la kuongeza?" Alitaka kusema kwamba yeye aliandika tu nini kilitangulia nini. Lakini ndiyo kwanza watu walikuwa wanamsikiliza. Akatikisa kichwa, akakaa.

Bunduki zililia siku tatu. Manyoya yalielea hadi kwenye chujio la pampu, na mumewe alikuwa akiyatoa kwa ndoo huku amefunga kitambaa puani. Wiki iliyofuata mvua zilianza. Baada ya siku chache wagonjwa walipungua, kisha wakaisha. Sokoni watu walimpisha Mama Sahani kwenye foleni.

Yeye usingizi ulimpaa. Alirudi kwenye rejista ya wifi akatazama, safari hii, siku ambazo ugonjwa uliisha. Mwaka huu uliisha wiki ya pili ya mvua. Mwaka jana vilevile, na mwaka juzi. Ugonjwa ulikuwa ukiondoka kila mwaka bila kufukuzwa na mtu.

"Wifi," alisema, "wale wa mtaa wa mlimani, ambako korongo walikuwa wanalala kwenye miti juu ya mapaa yao, wangapi waliugua?"

Muuguzi alifunua kurasa, akarudi nyuma, akafunua tena. "Sioni hata mmoja."

"Wanakunywa nini?"

"Kisima chao. Bomba halijawafikia." Alifunua ukurasa mwingine. "Na kuna jambo lingine. Sisi huwauliza wagonjwa kama wanachemsha maji. Wanaochemsha wameugua sawasawa na wasiochemsha. Nilidhani wananidanganya."

Kama ni vijidudu vya kinyesi cha ndege, kuchemsha kungesaidia. Mama Sahani alirudi kwenye madaftari, na sasa alianza nyuma, siku zilizotangulia korongo. Kila mara aliyakuta yale yale: siku za joto kali bila upepo, maji yamepungua, kisha sahani inapotea kabla ya kufika nusu mita. Pembeni aliandika mwenyewe, kwa mkono wake, *utando wa kijani, samaki wanahema juu*. Siku mbili tatu baadaye, korongo. Ndege walifuata samaki wanaokufa. Samaki walikuwa wakifa kwa kitu kilichomo majini, na kitu hicho hicho kilikuwa kinaingia kwenye bomba.

Alibaki na ule mwaka wa sita, uliokataa kufuata wenzake. Mwaka ule korongo walijaa na zahanati ikabaki tupu. Alipousoma upya alikumbuka: bwawa dogo la pembeni lilikuwa limekaushwa kwa matengenezo, samaki wakabaki kwenye tope. Ndege walikuja kwa karamu hiyo. Maji ya bwawa kubwa hayakuwa na utando.

"Kikulacho ki nguoni mwako," wifi alisema, akafunga rejista taratibu.

Meneja safari hii hakutoa kiti. "Mama, mwaka huu uliniletea hesabu ukasema korongo. Sasa hesabu zile zile, unasema maji."

"Sikusema korongo, meneja. Nilileta tarehe. Maana tulizipa sisi, na mimi nilinyamaza."

"Wagonjwa wameisha au hawajaisha?"

"Wameisha kama wanavyoisha kila mwaka. Naomba kitu kimoja tu. Mnara wa kuvutia maji una malango mawili. Utando hukaa juu ya maji; ukija, tufunge la juu, tuvute kwa lango la chini."

"La chini lina matope. Watu wataona maji ya kahawia, watapiga simu kwangu, si kwako."

Mwaka ukazunguka. Joto lilirudi na upepo ukafa. Korongo hawakuja, na mji ukatulia kwa sababu hiyo. Mama Sahani aliteremsha sahani yake ikapotea kabla kamba haijafika urefu wa kiganja. Maji yalikuwa kama rangi ya mlango iliyomwagwa. Samaki walielea matumbo juu, na hapakuwa na wa kuwaokota. Nyumbani akaamuru maji yachotwe kisimani, mwendo wa nusu saa kupanda. Mumewe alibeba madumu bila kuuliza. Aliyemshinda ni baba mkwe, ambaye kila mchana alikwenda kwa kinyozi kucheza drafti na kunywa chai.

"Baba, chai ile ni ya bomba."

"Imechemka, mwanangu."

"Kuchemka hakuiondoi sumu hii."

Mzee alicheka. "Korongo hawapo. Sasa unaogopa nini?"

Siku ya tisa ya utando mzee alianza kutapika. Siku ya kumi na mbili macho yalikuwa ya njano, na binti yake akamlaza zahanati kwenye kitanda cha mwisho kilichobaki. Mama Sahani alimshika miguu, iliyokuwa ya baridi mchana wa jua kali. "Niandike na mimi kwenye daftari," mzee alimwambia, na haikujulikana kama anatania. Alifariki siku ya kumi na tano. Wakati ule mjini walishakufa wengine wanne.

Walipotoka makaburini, fundi wa pampu hakurudi nyumbani. Alikwenda bwawani na nguo zake za msiba, akapanda mnara, akafunga lango la juu bila kumwomba mtu ruhusa. Kesho yake maji ya mji yalikuwa ya kahawia na simu zikalia. Meneja alifika akiwa amekunja uso.

"Nani kakuruhusu?"

"Baba yangu," fundi alisema.

Meneja alitazama kitambaa cheusi begani mwake. Aliinua mkono kama anayetaka kugusa gurudumu la lango, akaushusha, akaondoka.

Mvua zilichelewa wiki tatu mwaka ule. Kuchelewa huko ndiko kulikotenganisha mambo, maana wagonjwa wapya walianza kupungua siku ya nane tangu lango lifungwe, jua likiwa bado linachoma na utando ungali juu ya maji. Baadaye mtaalamu wa maabara alichukua chupa za maji yale ya kijani, na majibu yakarudi: sumu, ya kuharibu ini. Watu walimtaka Mama Sahani asimame mkutanoni awaambie alijuaje. Alisimama. Aliwaambia kwamba mwaka uliotangulia alijua nusu tu ya jambo, na kwamba wiki chache kabla ya hapo alilijua vibaya, na kwamba mwaka mmoja wa lango kufungwa bado ni ushahidi wa mwaka mmoja. Hakupigiwa makofi, naye hakuyangoja.

Sasa kuna amri iliyobandikwa kwenye chumba cha pampu: sahani ikipotea kabla ya kufika nusu mita, lango la juu hufungwa. Korongo wachache wamerudi. Miti yao haijaota, hulala kwenye nguzo za umeme.

Yeye bado anapiga kasia kila asubuhi. Miaka kumi iliyopita siku za utando zilikuwa tisa kwa mwaka. Mwaka jana zilikuwa ishirini na sita. Alama za ukutani zinaonyesha maji yanashuka kila msimu, na lango la chini, lililokuwa kwenye giza la kina, sasa liko mita mbili tu kutoka uso wa maji, karibu na utando. Amempelekea meneja tarakimu hizo, na safari hii ameandika chini yake anachodhani na asichokijua. Meneja alizisoma, akampa kiti, wakakaa wakilitazama bwawa kupitia dirisha.