Mkono wa Kushoto wa Hamida

Majirani wa Auleria kule Mbezi Luis wanajua kwamba anachora, na kujua kwao kunaishia hapo. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alitaka achorewe simba wawili kwenye geti. Mama wa mkaa alitaka kibao. Mjumbe wa mtaa, mtu mzima mwenye akili zake, alimletea picha ya marehemu baba yake iliyofifia, akasema, "Mama, hapa mzee alikuwa na kaptula. Mpe suti." Auleria akampa suti. Hajui kuwakatalia watu wazima, na nadhani hilo ndilo linalomzeesha kabla ya wakati.

Kazi yake hasa ni vitabu: majalada ya vitabu vya shule, na vitabu vya watoto ambavyo picha zake ndizo zinazobeba hadithi. Ukimsikiliza akiieleza kazi hiyo utadhani anaeleza ugonjwa. Jalada la kitabu cha kilimo, walimwambia mahindi yake yamekonda. Akayanenepesha, wakasema sasa yamekuwa ndizi. Kitabu cha twiga, mwandishi alitaka twiga avae viatu ukurasa wa kwanza tu, kurasa zilizobaki awe pekupeku, na sababu isielezwe. Mtu ambaye hathubutu kumwelekeza fundi bomba namna ya kushika spana, mpe picha ya mbuzi tu, utamkoma. Atakuambia pembe, atakuambia kwato, atakuambia mbuzi wa kwao hawatazami hivyo.

Basi kikaja kitabu cha *Pilau ya Jumapili*. Kilitoka kwa Bi Najat, mama wa makamo mwenye ofisi ya uchapishaji Mikocheni, nyuma ya karakana ya madirisha ya alumini, ambako simu zote hupokewa kwa kupiga kelele. Maneno yalikuwa ya Mwalimu Polikarpo, mstaafu, na hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi: mtoto Hamida anakwenda kwa bibi yake, wanapika pilau, familia inakaa kwenye mkeka inakula. Auleria aliipenda kwa wepesi wake. Alichora bibi, baba mdogo mwenye kipara, shangazi, kaka wawili na Hamida, wote wamelizunguka sinia moja. Wote wanakula kwa mkono wa kulia, isipokuwa Hamida. Hamida anakula kwa kushoto.

Hakukosea. Auleria mwenyewe ni mashoto. Darasa la kwanza, huko Muleba, mwalimu alimfunga mkono wa kushoto kwenye mguu wa benchi kwa kamba ya katani mpaka ule wa kulia ukajua kuandika, na hadi leo mwandiko wake kama kuku kapita. Kuchora alijifunza kwa kuiba, nyuma ya jiko, kwa mkono ule uliofungwa. Ndio unaomlisha. Amechora vitabu vingi na amesoma vingi zaidi, na hajawahi kuona mtoto wa mashoto ndani ya kitabu hata kimoja, hata kwa bahati mbaya. Hakutaka kuhubiri. Alitaka mtoto mmoja, ukurasa mmoja, akae ale zake kimya.

Bi Najat akapiga simu. "Aule mwenzangu, kuna kitu kidogo." Kitu kidogo cha Bi Najat hakijawahi kuwa na udogo wowote. Auleria akaenda Mikocheni, akamkuta Mwalimu Polikarpo amekaa wima kwenye kochi, mfuko wa machungwa ya nyumbani kwake miguuni. Alikuwa amemletea Auleria. Hilo nalo lilimuudhi, kwa sababu ni vigumu kugombana na mtu aliyekuletea machungwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Picha nzuri sana. Ila huyu mtoto anakula kwa kushoto."

"Ndiyo, mwalimu. Ni mashoto."

"Mie sikuandika mashoto."

"Hukuandika pia kwamba baba mdogo ana kipara, na kipara umekipokea."

Bi Najat akakohoa. Mwalimu hakukasirika. Alikuwa na upole ule wa walimu wa zamani, ambao huwezi kuusukuma wala kuukwepa. "Samaki mkunje angali mbichi, mwanangu."

"Mtoto si samaki, mwalimu."

"Mkono ule una kazi yake, unajua. Mzazi akifungua hapa atasema tunamfundisha mwanawe utovu wa adabu."

"Na mzazi ndiye anayenunua," Bi Najat akamalizia. "Aule, ni mkono tu jamani. Nusu saa umemaliza."

Hilo la mkono tu ndilo lililompandisha mori. Akawaambia kwamba kipara atakiotesha nywele, bibi atamvika miwani, sinia wakitaka atalifanya la dhahabu. Mkono wa Hamida haugusi. Akaaga kwa heshima, akasahau machungwa, akarudi kuyachukua, akaaga tena.

Wiki zikapita kimya. Kisha ujumbe: picha zote zimepita, zimetolewa nakala chache za majaribio, aje Temeke Alhamisi wawasomee watoto wa darasa la pili waone wanavyokipokea. Picha zote zimepita. Auleria aliusoma ujumbe huo akiwa amesimama jikoni na akafurahi kijinga. Alimpigia hata dada yake Muleba kumwambia ameshinda, na dada yake akauliza ameshinda nini, na maelezo yakawa marefu kuliko salio.

Darasani walikaa mbele kwenye viti vya plastiki, yeye, Bi Najat na Mwalimu Polikarpo, wageni rasmi kama wazazi wa bwana harusi. Mwalimu wa darasa alisoma vizuri. Watoto walicheka bibi aliposaka mdalasini, wakanyamaza pilau ilipofunikwa. Kisha mwalimu akafungua ukurasa wa sinia, akakigeuza kitabu kiwaelekee.

 Kicheko kikaanzia dawati la mbele, kikasambaa. Mikono ikainuka darasa zima.

"Madam, hawa wote wanakula na mkono wa chooni."

"Madam, na bibi pia."

"Kanga ya bibi imeandikwa kinyumenyume."

Na mmoja, msichana mwenye sauti ya uhakika kama ya hakimu: "Isipokuwa Hamida. Hamida peke yake ndiye ana adabu."

Auleria aliinama kutazama nakala iliyokuwa mapajani mwake. Picha ilikuwa yake, na haikuwa yake. Ilikuwa imegeuzwa, kama mtu anavyojiona kwenye kioo. Hamida, aliyekaa kulia kwa bibi, sasa alikuwa kushoto kwake, akila kwa mkono wa kulia kama malaika. Na ukoo mzima uliobaki, bibi na uzee wake, baba mdogo na kipara chake, walikuwa wamezamisha mikono ya kushoto kwenye pilau mpaka viganjani. Alijisikia vibaya kiasi cha kutaka kucheka. Hakucheka, maana Mwalimu Polikarpo alikuwa amemgeukia, na macho ya mzee yalikuwa na maji.

"Umenikomoa, mwanangu," akasema polepole. "Mbele ya watoto."

Hapo ndipo subira ya Auleria ilipofika mwisho wa kamba. Kuharibiwa kazi kumbe ni nusu ya adhabu. Nusu ya pili ni kuambiwa umeiharibu mwenyewe. Aliwatoa wote wawili nje, kwenye kibaraza cha shule, akampigia simu Benson, kijana anayepanga kurasa pale ofisini kwa Bi Najat, akaweka sauti ya juu.

"Benson, nani kageuza picha ya sinia?"

"Shikamoo sista. Mie. Niliambiwaga huyo mtoto ale na mkono wa kulia. Sasa mie kuchora sijui, sista, si unajua? Nikaigeuza tu. Nikamcheki mtoto, yuko poa."

"Na waliobaki?"

"Waliobaki sikuambiwa."

Auleria akamtazama Bi Najat. Bi Najat akatazama mnazi wa shule.

"Dada Najat, uliipitisha hii?"

"Niliipitisha."

"Ukaangalia nini?"

"Nilimwangalia mtoto," Bi Najat akasema, na kwa heshima yake hakujitetea zaidi ya hapo.

"Na wewe, mwalimu? Ulitumiwa?"

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Nilimwangalia mtoto."

Watu wazima watatu, wenye macho sita na miwani jozi mbili, wamekitazama kidole cha mtoto wa kuchorwa mpaka wasione bibi mzima anayevunja adabu pembeni yake. Ungekuwa wewe ungesema nini?  Auleria alihisi hasira ikipanda, kisha ikakosa pa kwenda.

Bi Najat alikuwa mtu wa kazi. Mtambo wa kuchapa ulikuwa umeshapangwa wiki inayofuata, na mwenye mtambo hasubiri mtu. Akaomba, kwa sauti ya chini, kama Auleria angeweza kuwabadilishia mikono hao watano ikawa ya kulia.

"Ya kwao ilikuwa ya kulia," Auleria akasema. "Nilimaliza. Rudisheni picha yangu ilivyokuwa. Mie sichori hata kucha."

Wakageuka wote kwa Mwalimu Polikarpo. Nyuma ya mzee darasa lilikuwa bado linacheka. Lisilo budi hutendwa, na yeye alilijua hilo kabla hawajazaliwa.

"Basi irudi," akasema. "Lakini mie nami nina haki yangu. Maneno ni yangu, picha ni zako, kila mtu na shamba lake. Naongeza mstari mmoja kwenye ukurasa huo. Bibi anasema, 'Hamida, mkono wa kulia.' Hapo mzazi hana neno na mie nalala usingizi."

Bi Najat akapumua kwa nguvu, akampa mkono. Kwake mambo yalikuwa yamekwisha. Auleria alirudi Mbezi akiwa na hasira kuliko siku zote zile, kwa sababu sasa hakuwa na wa kumlaumu. Mzee alikuwa amesema kweli: maneno hayakuwa shamba lake. Lakini akilini alimwona mtoto fulani, asiyemjua, akifika ukurasa huo, anamwona Hamida, anauona mkono kama wake kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kusoma, na kabla hajatabasamu anasoma chini yake kwamba Hamida anakemewa. Afadhali asingemwona kabisa. Afadhali ibaki ile ya kioo, watoto wacheke.

Alisonga ugali, akaula bila kusikia ladha. Akaosha vyombo kwa kelele. Jirani akagonga kuulizia simba wa geti, akaambiwa simba wamelala. Kisha akaketi mezani, akaitoa picha halisi ya sinia, akaitazama kwa muda, akakumbuka kwamba mzee alikuwa amempa shamba lake kwa kinywa chake mwenyewe.

Kwenye nyumba kama ya bibi yule, nyama hukaa katikati ya sinia na mtoto haigusi. Watu wanakula wali kwanza, kila mmoja upande wake, mpaka mkubwa wa sinia aanze kuigawa. Auleria alikuwa amemchora bibi akimega wali. Akachukua karatasi mpya, akachora ukurasa mzima upya, kila mtu mahali pake kama mwanzo, kanga ikisomeka. Bibi peke yake ndiye aliyebadilika. Sasa ameinama juu ya sinia, mdomo wazi kidogo kama mtu aliyekuwa anasema neno, macho kwa mjukuu wake, na mkono wake wa kulia umeshika mnofu mkubwa kuliko yote. Anauweka kiganjani mwa Hamida. Kiganja kile kile, cha kushoto, kilichokuwa kimekunjuliwa tayari.

Asubuhi aliupeleka Mikocheni kwa mkono wake, maana kwa Benson hakutaka kuutuma. Bi Najat aliuweka mezani, akautazama, akamtazama yeye, akautazama tena. Alikuwa ameelewa. Akamwita Mwalimu Polikarpo, na mzee alipofika akampa karatasi pamoja na maneno yaliyochapwa chini yake.

Mwalimu Polikarpo husoma kwa sauti, hawezi kusoma vinginevyo. Akasoma vizuri, kwa vituo vyake: "'Hamida,' bibi akasema, 'mkono wa kulia.'" Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha macho yake yakapanda kwenye picha, yakakaa huko.

"Lakini mbona bibi hamsubiri?" akauliza. "Amemwambia abadilishe, na hapo hapo anampa. Mbona hamsubiri kwanza abadilishe mkono?"

Karakana ya jirani ilikuwa inakata alumini, ikabidi Auleria angoje iishe. Alikuwa amejiandaa kwa maneno makali, ameyapanga tangu Mbezi, na yote yakampotea.

"Nyama ingepoa, mwalimu," akasema. "Mie yangu ilikuwaga inapoa kila siku."